Mwaka Nilipoua Kuku wa Mama

Wenzangu mliokulia kwenye vumbi la Dodoma mtanishuhudia: wakati wetu hapakuwa na kitu kinachoitwa kuku wa kienyeji. Kulikuwa na kuku, basi. Huyu wa kienyeji amezaliwa juzi, hotelini, baada ya watu kuchoka na wale weupe wanaolegea mdomoni kama mkate uliolowa chai. Kuku tuliyemjua sisi alijitafutia chakula mwenyewe, aliingia sebuleni bila hodi hata kama mchungaji amekuja kutembelea, na ukitaka kumla ulimkimbiza kwanza mpaka nusu ya hamu inaishia njiani. Tena alikuwa na jina.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Bahi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ile ya paa la udongo lililolala, na asubuhi za baridi kuku wa mama walipanda juu yake kuota jua kama wazee wa baraza. Palikuwa na jogoo mwekundu tuliyemwita Mwalimu Mkuu, kwa kuwa alizunguka uwanja mzima akikagua na hakufanya kazi yoyote. Palikuwa na tetea mweupe, mnene, aliyetangaza yai lake kijiji kizima kabla halijatoka na akalitangaza tena likishatoka. Huyo alikuwa Mama Kwaya. Na palikuwa na Kishingo, asiye na manyoya shingoni, mwizi wa uwele ulioanikwa, ambaye mama alimrushia kandambili kila siku na hakumpata hata siku moja.

Mama aliwapenda wale kuku. Mgeni akija, kuku. Mtoto akiumwa, mchuzi wa kuku. Sare ya shule ikichanika, kuku mmoja anaaga ukoo wake na kwenda mnadani. Baba alizoea kusema, akiwa ameshahakikisha mama yuko mbali, kwamba yeye akitaka kusikilizwa nyumbani kwake itabidi aote manyoya.

Na sisi watoto tulikuwa na dunia yetu. Mchakamchaka alfajiri, miguu imepauka vumbi mpaka magotini. Ufagio mkono mmoja, dumu la maji mkono mwingine, ole wako umwage njiani. Rede mpaka mpira wa soksi unafumuka na matambara yanatoka nje. Mdako mpaka mikono inachubuka. Kisha nyumbani, ugali wa uwele na mlenda, unachota tonge na mlenda unakufuata mpaka mdomoni kama uzi wa fundi cherehani. Niliwapikia wanangu mlenda mwaka jana. Wa kwanza aliupiga picha, wa pili akauliza kama umeharibika.

Rafiki yangu alikuwa Loi, binti wa jirani. Kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na kanjia kembamba kalikokanyagwa na mama zetu mpaka majani yalikata tamaa hata wakati wa masika. Moto ukizimika kwetu, mama alinituma kwa Mama Loi nikaombe kaa. Chumvi ikiisha kwao, Loi alikuja na kikombe. Walichangia chekeche moja la unga, na sidhani kama kuna aliyekumbuka lilinunuliwa na nani. Jioni walikaa kibarazani wakichambua mboga na kuwachambua watu.

Sasa, mwaka ninaousimulia, kiangazi kilikuwa kimekaza. Upepo ule wa kabla ya mvua ulikuwa unavuma mchana kutwa na kila kitu kilikuwa na mchanga ndani, hata uji. Chakula kilikuwa cha kupima. Na chumbani kwa mama, kwenye boriti, kilining'inia kibuyu cha karanga za mbegu, zile alizochagua moja moja baada ya mavuno, nono, nyekundu, zikisubiri mvua ya kwanza.

Sijui kama mmewahi kula karanga za mbegu. Zina utamu ambao karanga za kawaida hazina. Siku ya kwanza mimi na Loi tulichukua kiganja kimoja tu. Tulizikaanga juu ya mfuniko wa bati nyuma ya nyumba yao, tukala kwa adabu, tukaapizana kwamba ni mara moja tu. Siku ya pili tukaapizana tena. Baada ya siku kama kumi hivi mama akakishusha kibuyu ili akipanguse vumbi.

"Nyemo!"

"Abee, mama."

"Hiki kibuyu mbona chepesi?"

"Panya, mama."

"Panya." Akakigeuza, akakitikisa karibu na sikio langu. "Panya anazibua kizibo, anakula, anashiba, halafu anakumbuka kuziba?"

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kwamba mbegu haziliwi. Kwetu mtu aliweza kuiba muwa akasamehewa, lakini mtoto aliyekula mbegu alikuwa ameula mwaka ujao wa familia nzima. Nikaona hapa inatakiwa silaha kubwa.

"Haki ya Mungu, mama, kama ni mimi..." Nikakwama. Kiapo lazima kiwe na cha kupoteza, na kuapa kwa kifo cha mama au baba tulikuwa tumekatazwa kwa fimbo. Nikatupa macho huku na huku. Mama Kwaya akapita mlangoni akijisemea. "Kama ni mimi, kuku wako wote wafe!"

Mama aliweka mkono mdomoni. "Mtoto wewe! Usirudie tena maneno hayo." Kisha akakirudisha kibuyu kwenye boriti bila kuniuliza kitu kingine. Aliniamini. Hakufikiri kama mtu, hata mtoto, anaweza kuweka bei kubwa namna ile juu ya uongo. Mimi nikatoka nje, nikacheza mdako, na jiwe langu halikuanguka hata mara moja.

Wiki hiyohiyo alikuja Mjomba Yohana, kaka yake mama, kutoka upande wa Chemba. Alishuka kwenye basi na tenga kichwani, na ndani ya tenga mlikuwa na jogoo mkubwa ajabu, miguu ya njano, mkia mweusi unaong'aa kijani.

"Dada, nimekuletea mbegu," alisema mjomba. "Huyu akikaa hapa mwaka mmoja, vifaranga wako watakuwa wakubwa kama bata."

Mama alifurahi mpaka akamwita Mama Loi aje aone. Tukamfungua yule jogoo, tukasubiri awike. Hakuwika. Alisimama pale uani amejikunyata, macho yamefumba nusu.

"Amechoka na basi," alisema mjomba. "Hata mimi mgongo wangu siusikii."

Siku ya pili alikuwa bado amechoka na basi. Siku ya tatu mabawa yakaanza kuburuta chini, na mama, ambaye hakutaka kitoweo kipotee, akampa baba ishara ya kisu. Tukamla yule jogoo kwa ugali, mjomba akiisifia zawadi yake mwenyewe hadi mfupa wa mwisho. Utumbo na manyoya vilitupwa nyuma ya jiko, na Mwalimu Mkuu na watu wake walikwenda kuvichambua kwa shangwe. Mjomba akapanda basi, akarudi kwao. Hakuna aliyewaza lolote.

Siku chache baadaye Mama Loi alikuja kuchukua chekeche. Akasimama uani, mkono kiunoni, akawatazama kuku wakidonoa.

"Mama Nyemo, hawa kuku wako wamenawiri! Utadhani wanalala kitandani."

Akacheka, mama akacheka, akaenda zake na chekeche.

Kesho yake asubuhi Mama Kwaya alitaga na hakusema kitu.

Mtu asiyemjua hawezi kuelewa ukimya ule ulivyotisha. Mama alitoka jikoni kuangalia kulikoni. Mama Kwaya alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, manyoya yametutumka, anapumua kwa mdomo wazi. Kufika mchana alikuwa anaharisha kijani. Kesho yake shingo ilipinda, akawa anatazama mbinguni na kuzunguka, kuzunguka, na kabla ya jua kuwa kali alikuwa ameshakufa. Kisha wawili. Kisha wanne kwa siku moja. Kishingo alikutwa kwenye uwele ulioanikwa, amelala ubavu, na kwa mara ya kwanza mama hakuwa na kandambili mkononi.

Dawa zote za kijiji zilijaribiwa. Shubiri mwitu ilipondwa na kuchanganywa kwenye maji ya kunywa. Mwarobaini ulichemshwa. Mwanamke mmoja mzee alituambia tuwape pilipili kichaa, tukawapa, wakafa wakiwa na macho mekundu. Baba alikuwa na tiba moja tu, kisu: kuku akionekana kusinzia, anachinjwa kabla hajatutangulia. Kwa hiyo, katika kiangazi kile cha chakula cha kupima, sisi tukawa tunakula kuku kila siku. Majirani walipita wakavuta harufu, wakaja kutupa pole, wakakaa mpaka sufuria iive.

Mimi peke yangu ndiye niliyeshindwa kumeza. Nilipewa paja, nikalitazama, na paja likanitazama. Kila kuku aliyedondoka nilisikia sauti yangu mwenyewe: kuku wako wote wafe. Mungu alikuwa amesikia. Tena alikuwa anatekeleza kwa utaratibu, mmoja mmoja, ili nipate nafasi ya kufikiri.

Mama naye alikuwa na maelezo yake. Asubuhi aliyokufa Mwalimu Mkuu, mama alisimama katikati ya uwanja ambao sasa ulikuwa na kuku watatu tu, akasema, "Nani aliyesimama hapa akawasifu? Nani?" Baba akasema hilo ni gonjwa tu la kiangazi. "Gonjwa lina macho?" mama akamjibu. Akachukua panga, akakata tawi la mwiba, akaliburuta mpaka kwenye kanjia ketu na kulilaza katikati. Kisha akageuka kwangu. "Na wewe nisikuone na Loi."

Watu wakiulizwa ni kitu gani cha kutisha walichokiona utotoni, wengine watasema chui, wengine fisi. Mimi nitasema ni ule mwiba.

Kisimani mama alianza kuongea kwa sauti kubwa na watu wengine maneno yaliyokusudiwa mtu mmoja. "Siku hizi hata kufuga uombe ruhusa. Macho ya watu yamekuwa sumu." Mama Loi alijaza ndoo yake, akaitwika, akaondoka. Alikuwa mwanamke mrefu, na siku ile niliona jinsi anavyotembea akiwa amejikunja kidogo, kama anapita chini ya mlango mfupi.

Jumatatu shuleni Loi alinivuta nyuma ya darasa la saba.

"Kuku wetu na wao wanakufa," alisema.

"Muongo."

"Haki ya..." Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hata yeye alikuwa ameanza kuogopa viapo, tangu nilipomsimulia changu. "Wanakufa tangu wiki iliyopita. Mama anawafukia nyuma ya zizi, anasema nisimwambie mtu. Watu wakijua watasema uchawi wake umemrudia."

Nikafikiri. Mawazo ya mtoto wa miaka tisa yana mantiki yake, na yangu ilikuwa nyoofu kama rula. "Ni kwa sababu na wewe ulikula zile karanga."

"Mimi sikuapa!"

"Lakini ulitafuna."

Loi akaanza kulia. Akalia mpaka kamasi zikafika kwenye kola ya sare. Kisha akajipangusa na kusema jambo ambalo lilinichoma kuliko kiboko chochote. "Mama halali, Nyemo. Anamwambia baba kwamba miaka yote hii mama yako alikuwa dada yake, leo anamwita mchawi kisimani. Kama umeapa wewe, sema wewe."

Nilibeba yale maneno wiki nzima. Nilijaribu kusema Jumanne, mama alikuwa anachoma manyoya ya kuku nyuma ya jiko. Nilijaribu Alhamisi, mama alikuwa anakata fimbo kwa ajili ya jambo lingine, nikaona si siku nzuri. Ikafika Jumapili.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma, mabenchi ya mbao bila egemeo, na madirisha yasiyo na vioo ambayo upepo uliyatumia kama mlango. Miaka yote mama na Mama Loi waliketi benchi moja, la tatu kutoka mbele, wakiimba sauti ya pili pamoja. Siku ile mama alikaa upande wa kulia, Mama Loi kushoto kabisa karibu na dirisha, na sauti ya pili haikuwepo. Mchungaji alimaliza mahubiri, akauliza kama kuna mwenye ushuhuda.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba miguu yangu ilikuwa imesimama na watu wote wamegeuka.

"Haya, binti," mchungaji alisema kwa upole. "Bwana amekutendea nini?"

"Mimi ndiye niliyeua kuku," nikasema.

Halafu mtu mmoja nyuma akaguna, na wengine wakaanza kucheka chini chini. Mama alinishika gauni anivute nikae. Nikang'ang'ania benchi la mbele, na maneno yakatoka yote kwa pamoja kama maji ya dumu lililopasuka: kibuyu, karanga, mfuniko wa bati, panya, kiapo, na kwamba Loi alitafuna lakini hakuapa, kwa hiyo Mungu angewaacha kuku wao waliobaki. "Na Mama Loi hana macho ya sumu," nilimalizia, nikiwa nalia sasa. "Ni mimi."

Kicheko kilikoma. Hakuna aliyemtazama Mama Loi na hakuna aliyemtazama mama yangu, na katika kanisa dogo kama lile watu wote wasipotazama sehemu mbili inabidi watazame dari.

Hapo akasimama kijana mmoja benchi la nyuma kabisa, shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Ndiyo kwanza alikuwa ameletwa kwenye kata yetu kuwa bwana mifugo, na pikipiki yake ilikuwa nje imezungukwa na mbuzi.

"Samahani, mchungaji," alisema. "Naomba kumuuliza mama swali moja. Wale kuku, mavi yao yalikuwa kijani?"

Nadhani ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho neno hilo kutamkwa katika jengo lile. Mchungaji alifumbua mdomo, akaufumba. Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Kijani."

"Shingo zinapinda?"

"Zinapinda."

"Wanahema kwa mdomo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Ni mdondo huo, mama. Wengine wanauita kideri. Hauna uhusiano na karanga." Akatabasamu kidogo upande wangu. "Unaletwa na kuku mgonjwa. Kuna kuku yeyote mgeni aliyeingia hapo nyumbani karibuni?"

Nilimtazama mama. Niliona jibu likimfika usoni polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Kaka yangu aliniletea jogoo," alisema.

"Yuko wapi?"

"Tulimla."

"Alikuwa mzima?"

Upepo ukapitisha vumbi dirishani. "Alikuwa amechoka na basi," alisema mwishoni.

Sasa kanisa lilicheka kwa sauti, na baba yangu, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote. Lakini bwana mifugo hakucheka. Aliuliza utumbo ulitupwa wapi, akaambiwa nyuma ya jiko, akatikisa kichwa, kisha akaligeukia kanisa zima. "Nani mwingine amefiwa na kuku?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Halafu Mama Loi akanyanyua, peke yake, kule dirishani, mkono mrefu umenyooka. Baada yake mzee wa kanisa. Kisha mikono mitatu, minne. Kisha mchungaji mwenyewe, akikohoa, akasema kwamba hata kwake, ndiyo, wachache, hakutaka kuwasumbua waumini. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinafukia kuku kwa siri, kila mtu akiogopa jirani yake atasema nini.

Ibada ilipokwisha mama hakusubiri salamu za mlangoni. Alimfuata Mama Loi aliyekuwa ameshaanza kuondoka, akamfikia pale pikipiki ilipoegeshwa. Mimi na Loi tulijibanza nyuma ya mbuzi.

"Mama Loi," mama alisema. Akasimama. Mama yangu alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na siku ile nilimwona akiyatafuta na kuyakosa. "Mama Loi, nimekukosea. Tena mbele za watu."

Mama Loi alikuwa anafunga na kufungua fundo la khanga yake.

"Mama Nyemo, mimi sindano natungiwa uzi na Loi. Wewe unajua. Jembe lako nikikutana nalo njiani najikwaa. Macho haya ndiyo yawaue kuku wako?"

"Najua."

"Siku ile niliona rangi rangi tu zinapita. Nikasema wamenawiri ili nikufurahishe."

Hapo mama alifanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya mchana. Alilia. Mama Loi akamwacha alie kiasi alichoona kinatosha, wala hakumpunguzia, kisha akamshika mkono. "Twende nyumbani. Utanitolea ule mwiba, maana mimi nitaukanyaga." Wakaenda, mama akauburuta mwiba mpaka korongoni mbele ya macho ya watu waliotoka kanisani, na nadhani alitaka wamwone.

Msidhani mimi nilisalimika. Ugonjwa haukuwa wangu, lakini karanga zilikuwa zangu. Nilichapwa Jumapili hiyohiyo, na Loi akachapwa kwao, tukasikilizana sauti. Mama Loi alitugawia nusu ya mbegu zake, na mvua iliponyesha mama alinipa mistari yangu mwenyewe shambani: kupanda, kupalilia, kufukuza kindi na kunguru, kuvuna. Sikuruhusiwa kutafuna hata moja mpaka kibuyu kilipojaa kama kilivyokuwa.

Bwana mifugo alirudi na kichupa kidogo kwenye chombo chenye barafu. Alituambia mdondo ukishaingia hauna dawa, ila una kinga: tone moja kwenye jicho la kuku, na kurudia kila baada ya miezi michache. Kijiji kizima kilipanga mstari, kila mtu na waliosalia, mwingine na mmoja kwapani. Mama hakuamini hata kidogo kwamba tone moja la maji linaweza kushinda yale aliyoyaona, lakini alipeleka wale watatu wetu wote. Wakaishi. Mama Loi alikuwa na tetea aliyekuwa ameatamia muda wote ule jikoni kwake, mbali na wengine. Vifaranga walipototolewa na kupata nguvu, alituletea wanne ndani ya chekeche. Baada ya mwaka paa la tembe letu lilikuwa na wazee wa baraza tena. Mjomba Yohana alipokuja safari iliyofuata, baba alimpokea mlangoni na kukagua mizigo yake.

Leo naishi mjini Dodoma, kwenye mtaa mpya ambao tulipohamia palikuwa vichaka na sasa ni mageti tupu. Wenzangu wa umri wangu mnaijua mitaa hii: ukuta, geti, ukuta, geti. Nina kuku wachache nyuma ya nyumba, ndani ya wavu. Binti yangu anajua namna saba za kumpika kuku, lakini akiokota yai lenye uchafu huniuliza kama tarehe yake imepita. Mdogo wake anawapenda sana. Anawarekodi wakila, anawawekea muziki, ila kuwafagilia banda anadai mgongo unamuuma. Mgongo! Ana miaka kumi na minane.

Mwaka huu tarehe ya chanjo ilinipita. Simu ilinikumbusha, nikaifuta nikasema kesho. Wiki tatu baadaye nikakuta mmoja amejikunyata kwenye kona, nikajua kabla sijamshika. Nilimpiga picha, nikamtumia kijana wa duka la dawa za mifugo, na maji ya chai yalikuwa hayajachemka akawa ameshanijibu. "Mdondo huo, mama. Fukia waliokufa, pulizia banda, usiingize wengine haraka. Pole sana." Hapakuwa na shubiri wala pilipili, na hapakuwa na wa kumshuku. Kila kitu kilieleweka. Aliyekuwa bado anasimama nilimchinja kama baba, lakini wanangu hawakugusa nyama. Walisoma mahali fulani kwenye simu kwamba haifai, wakaagiza chipsi.

Niliandika kwenye kundi la mtaa, kwenye simu, kwamba kuku wangu wamekufa kwa mdondo, wenye kuku wachanje haraka. Nikapata nyuso tatu zinazolia. Mmoja akauliza kama nauza wavu.

Jioni nilichimba shimo mwenyewe karibu na ukuta wa nyuma na kuwafukia. Nikiwa naegemea jembe nikasikia upande wa pili wa ukuta kuku wanadonoa, na mwanamke akiwaita kwa ulimi, ko-ko-ko-ko, kama walivyoita mama zetu. Yumkini hayumo kwenye kundi. Tumepakana ukuta mmoja mwaka wa sita sasa. Namjua kwa honi ya gari lake na kwa harufu ya vitunguu vyake. Nikasogea mpaka ukutani, nikainua kichwa, nikavuta pumzi nimwite ili nimwambie awachanje kuku wake kesho asubuhi bila kukosa.

Mdomo ukabaki wazi. Sikujua ni mama nani.